Wimbo wa Sekunde 30: Kutunga na Kurekodi Nyumbani Wimbo wa Katuni

Wimbo wa kufungulia katuni humlenga zaidi mtoto ambaye bado hajafika mbele ya televisheni. Yuko uani anaosha vyombo, au yuko chumbani anatafuta soksi, na kazi ya wimbo ni kumfikia huko aliko, kumjulisha kwamba kipindi chake kimeanza, na kumfanya akimbilie sebuleni huku tayari anaimba. Nilifikia msimamo huo mapema, nilipoamua kushiriki shindano la kutunga wimbo wa katuni ya Kiswahili, na karibu kila uamuzi nilioufanya baadaye, kuanzia idadi ya maneno hadi mahali pa kusimamisha maikrofoni, niliupima kwa mtoto huyo wa chumba cha pili. Ninayaeleza haya kwa ajili ya wenzangu wanaotunga nyumbani bila studio, kwa sababu najua jinsi ilivyo vigumu kupata maelezo ya kazi hii katika lugha yetu.

Katuni yenyewe inamhusu msichana na tumbili wake wanaosafiri kwa garimoshi la zamani katika Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na katika kila kituo wanakuta kitendawili cha kutegua. Majina ya wahusika sitayataja, kwa kuwa masharti yalitutaka tusiyatangaze kabla katuni haijatoka. Masharti mengine yalikuwa mafupi na yenye kueleweka: wimbo usizidi sekunde 30, mchoro utakwenda kwa picha 25 kila sekunde, faili iwe ya WAV yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, na pamoja na wimbo kamili lipelekwe toleo la ala tupu lisilo na sauti za waimbaji. Kulikuwa pia na kipengele kuhusu umiliki wa kazi, ambacho nitakieleza mbele ya safari.

Watunzi wengi huanza na mahadhi. Mimi nilianza na hesabu, na bado naamini kuwa kwa kazi fupi namna hii huo ndio mlango sahihi. Sekunde 30 ni muda mdogo sana kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno yetu ni marefu: kitenzi kimoja kama "wanatusubiri" kina silabi sita, na mtu aliyezoea kutunga nyimbo za dakika nne atajikuta amemaliza nafasi yote kabla hajamtaja mhusika mkuu. Nilichagua mwendo wa mapigo 125 kwa dakika kwa sababu, katika mchoro unaokwenda kwa picha 25 kila sekunde, kila pigo linachukua picha 12 kamili. Ukiyapanga mapigo manne manne, kila fungu linakuwa na picha 48, na mchoraji anayetaka tumbili aruke juu ya behewa pale ngoma inapolia anajua bila kubahatisha kuwa ni picha ya ngapi. Mafungu 15 yanakula picha 720, yaani sekunde 28.8, na picha 30 zinazosalia, ambazo ni sekunde 1.2, zinaachiwa mlio wa mwisho ufifie wenyewe badala ya kukatwa ghafla. Ningeweza kuchagua mapigo 128, ambayo huingiza mafungu 16 katika sekunde 30 barabara, na sikio la mwanamuziki hupenda sana ulinganifu wa 16. Lakini kwa mwendo huo mapigo mengi yanaangukia katikati ya picha, na mchoraji analazimika kukadiria. Aliyetunga wimbo wa katuni ana mwenzake mezani, na mwenzake huyo anahesabu kwa picha.

Mafungu hayo 15 niliyagawa hivi: mawili ya ngoma na honi, manne ya beti, sita ya kiitikio, mawili ya kuurudia mstari wa kwanza, na moja la kutaja jina la katuni. Mgawanyo huo haukubadilika hadi mwisho, ingawa karibu kila kilichokuwa ndani yake kilibadilika.

Kwa upande wa maneno niliegemea kanuni za ushairi tulizofundishwa shuleni. Mshororo wa shairi una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, ambao ni nusu ya kwanza, na nane za utao, ambao ni nusu ya pili, na mizani nane, kila moja ikichukua nusu pigo, zinajaza fungu moja la mapigo manne bila kubakiza kitu. Kwa hiyo mshororo mmoja ni mafungu mawili, na beti yangu ingekuwa na mishororo miwili tu. Mshororo wa kwanza niliuandika hivi: "Garimoshi linakuja, shika mkono tupande." Ukihesabu utaona mizani zimetimia pande zote mbili, kwa kuwa ile "m" ya "mkono" ni silabi inayojitegemea. Nilipenda pia maana yake, kwa sababu kushikana mikono ni jambo ambalo watoto hulifanya kweli wanapovuka barabara au wanapopanda daladala wakiwa na mkubwa wao.

Nilimfundisha mpwa wangu wa miaka saba mshororo huo. Aliuimba ukwapi vizuri, kisha alipofika katikati ya utao akasimama na kuniuliza, "Mjomba, mbona hapa mdomo unafungika?" Swali lake lilinifanya niketi na kuyatazama maneno upya, si kwa mizani tena, bali kwa mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo katika "garimoshi linakuja" unaangukia mizani ya tatu na ya saba: mo na ku. Mahadhi yangu yalikuwa yamejengwa juu ya nguzo hizo mbili, sauti ikipanda kwenye ya tatu na kutulia kwenye ya saba. Katika utao, mizani ya tatu ilikuwa ni "m" ile ya "mkono", nayo huimbwa midomo ikiwa imefumba. Maana yake ni kwamba pale ambapo sauti ya mtoto ilipaswa kupanuka kuliko mahali pengine pote, palikuwa na konsonanti inayoifungia ndani. Mtoto wa chumba cha pili asingesikia kitu.

Utao ukawa "twende wote tukapande". Mizani ni zilezile nane, ila mkazo sasa unaangukia ya kwanza, ya tatu na ya saba, na irabu zilizo kwenye nguzo, "o" na "a", zinafungua kinywa. Mshororo wa pili niliutunga kwa kuzingatia nguzo hizo tangu mwanzo: "Tumepita Morogoro, bado mbali twendelee." Nimetafakari kwa nini ushairi wetu wa kimapokeo haukuniwekea kanuni hii ya mkazo, na jibu ninaloliamini ni kwamba mghani wa shairi ana uhuru wa kuvuta silabi moja na kuipitia nyingine haraka, akaifunika tofauti yoyote kwa sauti yake. Ngoma inayokwenda kwa mapigo 125 haimpi mtoto uhuru huo. Kwa hiyo anayetunga kwa ajili ya watoto ahesabu mizani kama kawaida, kisha apige mstari chini ya kila silabi yenye mkazo na aangalie iwapo mistari hiyo inasimama chini ya mapigo mazito. Kazi hiyo inachukua dakika chache za kalamu na karatasi, na inaokoa siku nzima ya kurekodi.

Kiitikio nilikikuta kwenye reli. Nilikuwa nimeandika orodha ya vituo vikubwa ili nijue ni vipi vingeweza kutajwa, na nilipoisoma kwa sauti nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Kilosa, Dodoma, Manyoni, Tabora, Uvinza, Kigoma: kila jina lina silabi tatu, kila jina lina mkazo katikati, na yote yamekaa kwa utaratibu uleule ambao abiria hukutana nao akitoka Pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo majina haya yamekuwa yakitamkwa kwa mfuatano huu na makondakta, wauza chakula na abiria waliolala wakaamka ghafla kuuliza wamefika wapi. Morogoro, yenye silabi nne, ilikuwa imekwisha kupata nafasi yake ndani ya beti. Kwa hiyo kiitikio kikawa majina sita katika mafungu sita: mtoto mmoja anaita jina katika mapigo mawili ya kwanza, na wenzake wanaliitikia katika mapigo mawili yanayofuata. Hakuna kitenzi, hakuna maelezo. Mtoto asiyeelewa hata neno moja la beti anaweza kuitikia "Tabora!" mara ya kwanza anaposikia, na ndani ya wiki chache anakuwa ameijua ramani ya nchi yake kutoka mashariki hadi magharibi bila kufundishwa na mtu.

Ala zilinipa kazi kubwa zaidi. Reli ya Kati inapita Ugogo, na mimi nilijifunza kupiga ilimba nilipokuwa nikisoma Bagamoyo, katika chuo cha sanaa ambacho leo kinaitwa TaSUBa, mahali alipofundisha marehemu Hukwe Zawose, ambaye aliifikisha sauti ya ilimba katika majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo, yenye vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao. Juu ya sanduku hilo hutobolewa tundu ambalo hufunikwa kwa utando uliotolewa kwenye mfuko wa mayai ya buibui. Chuma kinapochezwa, hewa iliyo ndani ya sanduku huutikisa utando, nao huongeza mvumo mwembamba juu ya sauti ya chuma, mithili ya nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Mtu asiyeuzoea mvumo huo hudhani ala ina kasoro, ilhali huo ndio uzuri wake wenyewe, na utando ukitoboka mpigaji huutafuta mwingine mara moja.

Nilirekodi kwanza kinanda cha umeme kama msingi, nikakusudia ilimba ije kupamba. Zilipokutana, kila ala ilikuwa nzuri peke yake, lakini kwa pamoja zilikwaruzana. Sababu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa yeyote anayetaka kuingiza ala za asili katika wimbo wa kompyuta atakutana nayo. Kinanda hugawa oktavu katika nusu hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100, senti ikiwa kipimo kidogo cha tofauti kati ya sauti na sauti. Ilimba haifuati mgawanyo huo. Ngazi ya muziki wa Wagogo hufuata mfululizo wa asili wa sauti, ule unaotokea wenyewe katika waya unaotikisika au katika koo la mwimbaji. Katika mfululizo huo, sauti ya tano iko chini ya ile ya kinanda kwa takriban senti 14, na ya saba iko chini kwa takriban senti 31, ambayo ni karibu theluthi moja ya nusu hatua. Tofauti ya namna hiyo sikio haliwezi kuipuuza. Kompyuta ina programu za kuvuta sauti ya ilimba hadi ilingane na kinanda, nami nilizijaribu, na kilichotoka hakikuwa tena ilimba bali kitu kama simu inayolia.

Niliondoa kinanda. Watoto walipoimba juu ya ilimba peke yake waliingia kwenye sauti zake bila kusukumwa, wala sikusikia hata mmoja wao akiyumba kwenye zile sauti mbili ambazo kinanda kilikuwa kikizipinga. Chini yake niliweka gitaa la besi, lakini nikalifungia katika sauti mbili tu, ya msingi na ya tano ya ngazi (ambayo si ile sauti ya tano ya mfululizo wa asili, bali ya tatu), kwa sababu hapo tofauti kati ya mfumo wa asili na ule wa kinanda ni senti 2 tu, kiasi ambacho hakuna anayekisikia. Jambo jingine jema la ilimba ni kwamba vyuma vyake husogezwa: ukikigonga chuma taratibu kikatoka nje kidogo kinarefuka na sauti inashuka, na ukikirudisha ndani inapanda. Kwa hiyo niliweza kuishusha ala nzima hadi mahali panapowafaa watoto, ambao sauti zao katika umri wa miaka sita hadi tisa hutulia vizuri kati ya C ya katikati ya kinanda na A iliyo juu yake. Mtu mzima anayetunga kwa sauti yake mwenyewe, kisha akawapa watoto waimbe, huwalazimisha ama wapige kelele ama wanong'one.

Kwa mwendo wa garimoshi nilitumia kayamba, pamoja na vumi na chapuo, ngoma za Pwani, kwa kuwa safari inaanzia Pwani. Nilifikiria pia kurekodi treni halisi. Ila treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu mwaka 2024 hupita juu ya reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa, wala haitoi ule mdundo wa gurudumu linaloruka kiungo, na ile ya zamani haikubali kwenda kwa mapigo 125. Kayamba inakubali.

Ninaishi Tabata, jijini Dar es Salaam, na yeyote anayelijua jiji hili anaweza kuzitaja kelele zake bila kuwapo: bodaboda, spika za machinga wanaonadi, jenereta la kinyozi umeme unapokatika, na kunguru. Kunguru ndio wagumu zaidi, kwa sababu hutua juu ya bati na kutembea, na kila hatua inasikika ndani. Hatukuwa na uwezo wa kuzuia kelele hizo, kwa hiyo tulichagua saa. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi mtaa wetu unakuwa umeamka lakini haujachangamka, na ndio wakati tuliowarekodi watoto. Ala nilizirekodi usiku wa manane, friji na feni vikiwa vimezimwa. Kuna programu za kusafisha kelele baada ya kurekodi, lakini husafisha pamoja na herufi. "S" na "f" za mtoto huliwa kwanza, na maneno yanakuwa kama yanasemwa kupitia blanketi. Kunguru akilia katikati ya mstari, mstari unarudiwa.

Kelele za nje ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni chumba chenyewe. Chumba tulichotumia kina kuta za saruji na sakafu ya vigae, na ukipiga kofi ndani yake unasikia mlio mkali unaorudi kutoka kila upande. Watu hutundika khanga na mapazia ukutani, na chumba kikaonekana kimevaa, lakini kitambaa chembamba hufyonza sauti za juu tu na kuziacha za kati zikirandaranda, ndiyo maana rekodi nyingi za nyumbani zinasikika zimevimba kana kwamba mwimbaji yuko ndani ya pipa. Kinachosaidia ni unene. Tulisimamisha magodoro mawili ya inchi 8 yakakutana kwenye kona, tukatandika mkeka na blanketi zito sakafuni, na watoto wakasimama wakiyapa magodoro mgongo huku maikrofoni ikiwa mbele yao ikitazama kwenye godoro. Kwa njia hiyo, sauti iliyowapita wao haikuwa na ukuta mtupu wa karibu wa kuirudisha kwenye maikrofoni. Kabati la nguo lililojaa, milango yake ikiwa wazi, lilikuwa upande wa pili, nalo lilifanya kazi yake vizuri kuliko kifaa chochote cha dukani ambacho ningemudu.

Maikrofoni yenyewe ilikuwa ya kawaida ya jukwaani, ile isiyohitaji umeme wake. Niliiweka umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwenye midomo, mbele yake nikiwa nimetandaza soksi ndefu nyembamba juu ya waya wa henga ili kuzuia pumzi ya "p" na "b". Watoto walikuwa watatu, na mmoja ana sauti kali kuliko wenzake. Badala ya kumwambia apunguze, jambo ambalo humnyong'onyeza mtoto na kuiua sauti yake, nilimrudisha nyuma hatua moja. Walipomaliza kiitikio, tulikirudia mara kadhaa huku wakibadilishana nafasi kila mara, nami nikaziweka rekodi hizo moja juu ya nyingine. Kwa kuwa kila nafasi hubadilisha kidogo rangi ya sauti, watoto watatu wakasikika kama darasa zima. Kiwango cha kurekodia nilikiacha chini, vilele vikigusa takriban -12 dB, kwa sababu mtoto akichangamka hupaza sauti ghafla, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena. Na kwa kuwa feni ilikuwa imezimwa na chumba kimejaa magodoro, joto lilikuwa kali. Tulifanya kazi kwa vipindi vifupi, na kati ya kipindi na kipindi watoto walitoka nje kucheza kombolela na kunywa maji. Waliporudi wakiwa wanahema na kucheka ndipo waliimba vizuri zaidi.

Kazi ya kuchanganya sauti niliifanya kwa hedifoni, lakini hukumu niliiacha kwa simu na televisheni. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kutoa sauti nzito. Chini ya takriban hezi 300 karibu kila kitu hupotea. Vumi langu, ambalo katika hedifoni lilikuwa linatetemesha kifua, kwenye simu halikuwapo kabisa. Chapuo, inayolia kavu na juu, ilibaki, kwa hiyo nikaipa mapigo yote mazito ambayo mwanzoni yalikuwa ya vumi, na vumi nikaliacha liifuate kwa ajili ya wale wenye spika kubwa. Ilimba nayo ilinishangaza. Ule mvumo wa utando wa buibui umejaa sauti za juu, na spika ndogo huzipenda sauti za juu. Hata simu ilipolazwa kifudifudi juu ya meza, ilimba ilijulikana. Ala ya jadi ya mbao, vyuma na utando wa buibui ilisikika vizuri kuliko kila kitu nilichokuwa nimekiweka, na sijaacha kufurahia jambo hilo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha jikoni. Niliweka wimbo kwenye televisheni ya sebuleni kwa sauti ya kawaida ya kipindi cha jioni, nikaenda jikoni mahali dada yangu alipokuwa anakaanga samaki, na nikasikiliza ni nini kinachovuka mlango na mlio wa mafuta. Majina ya vituo yalivuka yote sita. Beti ilivuka nusu. Nilirudi nikapunguza kayamba wakati wa beti na kuongeza kidogo sauti za watoto kati ya hezi 2,000 na 4,000, mahali ambapo ncha za "t", "k" na "p" hukaa, na dada yangu, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango, akaanza kuitikia. Kwa ukubwa wa jumla nilifuata kiwango cha -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, ambacho ni mwongozo wa EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, kwa vituo vya televisheni vya huko na kilikuwa kimetajwa pia na waandaaji. Hakuna haja ya kuufinya wimbo hadi uwe mkubwa kuliko vyote, kwa sababu kituo kitaushusha chenyewe, na utabaki umefinywa bila faida.

Sasa nirudi kwenye umiliki. Masharti yalisema kwamba kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji. Neno "zote" lilinisumbua, kwa kuwa lilijumuisha kazi ambazo hazitashinda na hazitalipwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya sanaa nchini Tanzania inalindwa tangu inapobuniwa, na ulinzi huo unaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili wa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, unamsaidia mtunzi kuthibitisha kuwa kazi ni yake, lakini haki yenyewe haianzii hapo. Mtu hapaswi kuitoa haki ya muda mrefu namna hiyo kwa kubonyeza kitufe cha kutuma. Niliwaandikia waandaaji barua ya heshima, nikauliza iwapo kipengele hicho kinakusudia washindi peke yao, na walinijibu kuwa ndivyo, kisha wakakiandika upya kwa washiriki wote. Ninawashauri watunzi waulize. Mara nyingi masharti ya namna hii yamenakiliwa kutoka mahali pengine, na aliyeyanakili hana nia mbaya.

Sheria hiyohiyo inawatambua waimbaji na wapigaji ala kwa jina la hakishiriki, na watoto nao ni waimbaji. Kabla ya kurekodi nilizungumza na wazazi wao mmoja mmoja, tukaandika karatasi inayoeleza sauti za watoto zitatumika wapi, na kwamba zawadi au malipo yoyote yatagawanywa kwa sehemu tulizokubaliana. Mama wa mmoja wao, ambaye ananizidi umri na ambaye mimi humwamkia shikamoo kila asubuhi mtaani, aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akataka iongezwe sentensi kwamba sauti ya mtoto wake haitatumika kwenye tangazo la biashara. Alikuwa na haki, na sentensi hiyo ikaingia kwa watoto wote.

Wimbo ulishika nafasi ya pili. Wimbo ulioshinda ni mzuri, una gitaa la rumba ambalo linamfaa sana tumbili, na katuni itafunguliwa kwa wimbo huo. Hata hivyo waandaaji walitutafuta tena kuhusu kiitikio cha vituo, wakitaka kukitumia ndani ya kila sehemu, pale garimoshi linapokaribia kituo: sehemu ya Kilosa iite jina moja, ya Dodoma iite mawili, ya Manyoni matatu, na hivyo hivyo hadi sehemu ya Kigoma, ambapo yatasikika yote sita. Kwa kuwa kila jina linakaa ndani ya picha 48, hatukuhitaji kurekodi upya. Nilikata kwenye mipaka ya mafungu, nikaacha mlio wa ilimba ufifie mwishoni mwa kila kipande, na wachoraji wakavipokea vipande sita vilivyoingia mahali pake siku ileile. Mkataba wa matumizi hayo una ukurasa mmoja na nusu, unawataja watoto watatu kuwa waimbaji, na una ile sentensi ya mama yule kuhusu matangazo ya biashara, neno kwa neno.